Hofu ya Mume Chumbani: Maradhi Yanayofichwa na Haki Inayopotea

Sifa zote njema anastahiki Allah (Subhaanahu Wata'ala), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu alayhi wasallam), jamaa zake na Maswahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu zetu katika imani, mada yetu ni nzito ulimini. Lakini Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Ansari kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao, nasi wanaume hatuna budi kujifunza kwao. Tunakusudia kumzungumzia mume anayeogopa kumkurubia mkewe, akawa anamkwepa usiku baada ya usiku, ilhali hamchukii wala hana mwingine.

Kushindwa si kususa

Sharia imetenganisha mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya. Mume mwenye uwezo akiapa kutomkurubia mkewe, amepewa miezi minne tu, kama ilivyo katika Suratul Baqara, aya ya 226. Ukimalizika muda huo, arejee kwa mkewe au aamue talaka. Huyu amesusa.

Ama mume aliyetaka akashindwa, ambaye mafakihi humwita 'inniyn, imepokewa kuwa Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.) alimpa mwaka mzima, na wengi wa mafakihi wakalishika hilo. Mwaka huo huhesabiwa tangu shauri lifikishwe kwa Kadhi. Ibn Qudama katika al-Mughni ameeleza hekima yake: mwaka hupitiwa na misimu yote minne, na huenda udhaifu ulioletwa na baridi au joto ukaondoka msimu unapobadilika. Tiba hiyo ni ya zama zao. Lakini tazameni walivyomtazama mtu huyu: ni mgonjwa wa kusubiriwa, si mtu wa kuchekwa. Leo neno "hanithi" tumeligeuza tusi la barazani, kisha tunashangaa kwa nini mgonjwa hajitokezi!

Hofu inavyofanya kazi

Kiungo cha mume husimama kwa damu kujaa ndani yake, na damu haijai ila mishipa ikilegea. Mtu akiogopa, mwili hutoa homoni ya adrenalini, mishipa hiyo hubana, na mwili hujiandaa kukimbia au kupigana. Kwa hiyo kijana mzima wa afya anaweza kushindwa usiku wa harusi kwa hofu peke yake. Na vipi asiogope, iwapo nje ya mlango wapo wanaosubiri habari, na katika mila za pwani yetu wapo waliozoea kusubiri kitambaa cha kisarawanda?

Akishindwa mara moja, mara ya pili huingia chumbani kama mtahiniwa. Hofu ya jana huzaa kushindwa kwa leo, na kushindwa kwa leo huzaa hofu ya kesho. Hapo ndipo huanza kukwepa: hurudi nyumbani mke ameshalala, huzusha ugomvi baada ya Isha, hupenda safari. Mke naye husema moyoni: hanitaki, au ana mwingine.

Zipo sababu nyingine. Kisukari, shinikizo la damu na uvutaji wa sigara huharibu mishipa, na baadhi ya dawa za shinikizo hupunguza uwezo. Wakati mwingine udhaifu huu ni onyo la mapema la maradhi ya moyo. Wapo pia waliodhulumiwa miili yao utotoni, na mwili haujasahau. Dalili moja husaidia kupambanua: ambaye mwili wake huamka kawaida alfajiri lakini hushindwa mbele ya mkewe, mara nyingi chanzo chake ni fikra na hofu.

Ibada si maficho

Abdullah bin Amr bin al-Aas (r.a.) alishughulishwa na saumu za mchana na Swala za usiku hata akamwacha mkewe. Baba yake alipomuuliza mke huyo hali ya mumewe, alimsifu kuwa ni mtu mwema, kisha akaeleza kwa adabu kwamba hajafika kitandani pake. Habari ikamfikia Mtume (s.a.w.), naye akamfundisha Abdullah kuwa mkewe ana haki juu yake. Ikiwa aliyeshughulishwa na ibada ya kweli alirejeshwa kwa mkewe, itakuwaje kwa anayekaa msikitini mpaka usiku wa manane kwa kukimbia chumba?

Nini kifanyike

Kwanza, mume amwambie mkewe. Hofu si dhambi. Dhulma ni kumwacha mke gizani miaka akijilaumu kwa kosa asilolijua. Wakubaliane kuliacha tendo lenyewe kwa muda, wabaki na mazungumzo na kugusana kwa upole, pasipo mtihani wa kufaulu wala kufeli. Hofu hupungua kidogo kidogo.

Pili, aende hospitali apimwe sukari na shinikizo la damu. Dawa ya sildenafil ipo tangu mwaka 1998 na imewafaa wengi, lakini ni hatari kubwa kwa anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti. Basi isimezwe bila daktari. Ama unga na vidonge vya "nguvu za kiume" vinavyouzwa njiani, baadhi vimekutwa vimechanganywa na dawa hiyohiyo kwa siri. Na asikimbilie mganga wa kumwambia amefungwa na jirani, akatoka na maradhi yaleyale na imani iliyopungua.

Tatu, mke asitoe siri ya chumbani kwa shoga wala somo, wala asimkejeli mumewe. Lakini muda ukipita na mume hataki tiba wala mazungumzo, kwenda kwa Kadhi ni haki yake, na asiitwe asiye na haya.

Nne, sisi walimu na maimamu tuwafundishe vijana mambo haya kabla ya kufunga ndoa, na wazee wawaondoe watu mlangoni usiku wa harusi.

Tunamuomba Allah awaponye wagonjwa wetu, aondoe hofu vifuani mwao, na ajaalie mapenzi na huruma katika nyumba zetu. Aamiyn.

Wabillahi tawfiyq.