Gari Binafsi, Hewa ya Wote



Naomba tuanze na neno tunalolitumia kila siku bila kulichunguza: gari binafsi. Kwenye kadi limeandikwa jina la mtu mmoja, na mwenye jina hujiona amemaliza mjadala. Lakini tulifungue neno hilo kama fundi anavyofungua injini. Ufunguo ni wangu. Kiti ni changu, kiyoyozi ni changu. Barabara je? Ni ya wote. Kipande cha ardhi ninapoegesha mbele ya ofisi ni cha mji. Na kinachotoka kwenye ekzosi hakina mwenyewe: anakipokea mama lishe aliyekaa kituoni tangu alfajiri, anakipokea trafiki wa pale Ubungo, anakipokea mtoto wa shule anayegombea mlango wa daladala. Dai langu ni hili moja. Gari letu ni binafsi katika raha yake tu. Gharama yake ni ya umma, na wanaoilipa zaidi ni watu ambao hawajawahi kumiliki hata tairi.

Nimelijua hilo chini ya gari langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nililipeleka kwa fundi kwa sababu lilikuwa linatoa harufu kali. Akatandika boksi, akaingia uvunguni, akagonga bomba la moshi kwa spana. Likalia kama debe tupu. Akaniita niiname: "Mwalimu, ona, masega hayapo." Kweli, palikuwa na mshono wa kulehemu, bado unang'aa. Mtu fulani, kwenye gereji fulani ambako niliwahi kuliacha siku mbili, alikata kopo la masega hayo, akatoa kilichomo, akalifunga tena.

Kwa wasioyafahamu, masega ni kigae chenye matundu madogo mengi kama sega la nyuki, kilichopakwa madini ya platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wa injini ukipita humo, kaboni monoksidi hugeuzwa kuwa kaboni dayoksidi, mabaki ya petroli ambayo hayakuungua humalizikia hapo, na oksidi za nitrojeni hurudishwa kuwa nitrojeni ya kawaida. Kwa sababu ya madini hayo, masega yana soko na yanaibwa. Lakini kilichoniumiza zaidi ni maneno ya fundi, mtu mwema kabisa, nilipomuuliza bei ya kurudishia mengine. Alishangaa. "Gari si linatembea? Unayataka ya nini?"

Jibu lake lina mantiki. Breki ikifa, nitakufa mimi. Betri ikiisha, nitalala njiani mimi. Masega yakitoka, mimi sipungukiwi kitu kikubwa. Anayepungukiwa ni yule mtoto wa kituoni. Ndiyo maana hakuna anayehangaika kuyarudishia. Katika miaka yangu yote ya kuendesha nimeulizwa leseni, bima, kizimamoto na pembetatu. Kuhusu moshi sijaulizwa hata siku moja. Nililiendesha gari lile hivyo hivyo kwa miezi minne mpaka nikapata fedha, na kila nilipopita kituoni nilijua ninachowafanyia waliosimama pale.

Mengi ya magari yetu ni mitumba kutoka Japani, nchi inayoendesha kushoto kama sisi. Huko gari dogo jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, moshi ukiwemo, na kadiri linavyozeeka ndivyo mwenyewe anavyoona afadhali aliuze. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilieleza mwaka 2020 kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo yaliyotumika yapatayo milioni 14 yaliuzwa nje ya nchi zao, na kama asilimia 80 yalikwenda nchi za kipato cha chini na cha kati. Afrika ndiyo iliyopokea fungu kubwa. Simlaumu anayenunua mtumba. Nauliza tu kwa nini ukaguzi uishie bandarini Yokohama.

Sasa hesabu kidogo. Lita 1 ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za kaboni dayoksidi. Chukua mtu anayetoka pembezoni mwa jiji kuja Posta na kurudi, kilomita 50 kwa siku, kwenye foleni inayokula lita 1 kwa kilomita 10. Ni lita 5, sawa na kilo 11.5. Kwa siku 22 za kazi ni kilo 253 kwa mwezi. Kwa mwaka, karibu tani 3. Gari dogo kama Toyota IST lina uzito wa tani 1 hivi. Kwa hiyo kila mwaka dereva huyo hurusha hewani gesi yenye uzito wa magari matatu kama lake. Nakiri kwamba mabadiliko ya tabianchi hayakuanzia Kimara. Waliochoma mafuta kwa zaidi ya karne wanajulikana. Hilo haliondoi moshi kwenye kifua cha mtu wa Kimara.

Na nafasi? Eneo la kuegesha gari moja ni mita 2.5 kwa 5, yaani mita za mraba 12.5. Chumba cha kupanga cha Manzese au Tandale cha futi kumi kwa kumi ni kama mita za mraba 9. Familia inalala humo, inapika mlangoni, inasomeshea watoto humo. Gari langu linalala penye nafasi zaidi, tena linahitaji pawili, nyumbani na kazini. Likitembea saa mbili kwa siku, saa 22 zilizobaki limekaa tu juu ya ardhi ya mji ambao, kwa sensa ya 2022, una watu zaidi ya milioni 5.3.

Najua mnachotaka kuniambia, hasa kina mama. Nesi anayetoka zamu saa nne usiku asubiri nini kituoni, na nani atamlinda? Aliyenunua Vitz kwa mkopo wa kazini hakununua ufahari. Amenunua uhakika wa kufika. Anayemsimanga huyo kwa jina la mazingira hajawahi kuning'inia mlangoni mwa daladala na mtoto mgongoni.

Tena marufuku tulishazijaribu. Katika miaka ya shida ya mafuta Serikali ilizuia magari binafsi kutembea Jumapili mchana. Wazee humu ukumbini wanakumbuka barabara zilivyokuwa kimya. Lakini ile ilikuwa vita ya kuokoa fedha za kigeni, na wakati huo huo UDA, shirika la mabasi ya jiji lililoundwa 1974, lilikuwa linapungukiwa mabasi na vipuri. Mtu alizuiwa gari akaachwa bila basi. Daladala, zilizokuwa zikibeba watu kwa kificho, zikahalalishwa 1983, na mpaka leo ndizo zinazobeba mzigo.

Mwezi Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalipoanza kutoka Kimara kwenda Kivukoni, Gerezani na Morocco, niliona jambo ambalo sikulitegemea: watu wenye magari wakiyaacha nyumbani. Basi moja refu la mita 18 limetengenezwa kubeba watu wapatao 150. Watu hao hao, kila mmoja kwenye gari lake, gari na pengo lake vikichukua mita 7, ni foleni ya zaidi ya kilomita 1. Mwaka 2018 jiji likapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Kisha mabasi yakawa machache kuliko watu, karakana ya Jangwani ikawa inafurika mvua ikinyesha, na wenye funguo wakarudi kwenye funguo zao. Hawakubadilika tabia. Walikuwa wanafuata uhakika, na uhakika ulihama.

Kwa hiyo fedha za mazingira mijini, kama zipo, ziende kwanza kwenye mabasi, kwenye njia za miguu zisizogeuzwa maegesho, na kwenye kipimo cha moshi kilichofungwa pamoja na bima, kwamba gari lisilo na masega halikatiwi. Jambo hilo linawezekana. Petroli yenye risasi iliondolewa karibu Afrika yote kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006, na hakuna dereva aliyeombwa kubadili moyo wake. Mafuta ndiyo yaliyobadilishwa. Magari ya umeme nayakaribisha, ila yatapunguza moshi bila kupunguza foleni hata mita moja, na matairi yake yatasagika kuwa vumbi kama mengine.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi wanafunzi wangu watasimama Mwenge wakihesabu watu ndani ya kila gari linalopita, na pembeni wakihesabu waliosimama kituoni. Wanahitaji watu wa kuwasaidia. Njooni, ila msije na magari. Hatuna pa kuyaegesha.