Mvua ya Kinole

Wasikilizaji wetu wa Kinole na vijiji jirani vya Uluguru Mashariki, masika, Machi hadi Mei, ndiyo mvua yenu kubwa. Upepo wa Bahari ya Hindi huja na unyevu, hugonga mlima, hupanda na kupoa, mawingu yakamwaga. Ndiyo maana Mgeta, nyuma ya mlima, hupata kidogo.

Mkisikia Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitaja mvua kubwa, yaani zaidi ya milimita 50 kwa saa 24, pigeni hesabu: kila mita ya mraba ya shamba inapokea lita 50. Kwenye mteremko, maji hayo hushuka na udongo. Zibueni mifereji mapema. Na tafadhali sana, watoto wasivuke kijito kilichogeuka rangi, hata kama kijijini jua linawaka. Huenda mvua inanyesha kileleni.