Ukungu Mweupe Baada ya Kupaka Gari Nta

Maneno yaliyosemwa mbele ya wenye magari, madereva, waoshaji magari na wenye maduka ya vipuri, Isingiro, wilayani Kyerwa



Jambo tulilokuja kulizungumza laonekana dogo, lakini hula fedha za watu wengi. Mtu huosha gari lake vizuri, akalipaka nta ya kung'arishia, ile ambayo wengi wetu huiita polishi, akitarajia boneti ing'ae kama kioo. Badala ya mng'ao huona ukungu: mawingu meupe, michirizi, au utando uliogandamana usiofutika kwa kitambaa. Hapo ndipo gharama huanza. Mmoja huchukua petroli akasugua. Wa pili huambiwa kwamba rangi imekufa, alipie gari lipigwe rangi upya. Wa tatu humrudia mwenye duka akimwita tapeli. Aghalabu wote watatu wamepotea njia, kwa kuwa rangi ni nzima na nta ni halali. Kilichoharibika ni namna ilivyokauka. Ndiyo maana neno letu la leo ni moja: pima kwanza, ndipo ufungue mfuko.

Tuanze na chanzo. Nta ya gari, iwe ni ile inayotokana na majani ya mti wa carnauba wa Brazil au ile iliyotengenezwa kiwandani, imechanganywa na kimiminika kinachoruka hewani upesi. Kazi ya kimiminika hicho ni kuisambaza nta juu ya rangi katika utando mwembamba ulio sawa, kisha kitoweke. Bati likiwa la moto, kimiminika huruka kabla ya kumaliza kazi yake. Nta hubaki imeshikamana mahali pamoja na kupungua mahali pengine, nayo huwa ngumu kufuta. Fundi mwashi anayepiga lipu adhuhuri juani anaujua mkasa huu: saruji hunyang'anywa maji kabla ya wakati, ukuta ukapasuka. Haimaanishi kwamba saruji ilikuwa mbovu.

Huenda mtu akasema, hapa kwetu hakuna joto la Dar es Salaam. Ni kweli kwamba hewa ya Isingiro ni ya ubaridi, kwa kuwa tuko juu. Lakini nta haipakwi hewani, hupakwa juu ya bati. Jua letu, karibu na ikweta, huangaza wima wakati wa mchana, na gari jeusi au la buluu iliyokoza likisimama uwanjani saa sita mchana, bati lake laweza kupita nyuzi 50 za Selsiasi hata kama aliye kivulini amevaa koti. Boneti huongezewa na moto wa injini. Kwa hiyo usiulize kama siku ina joto. Uliza kama bati lina joto. Weka mgongo wa mkono juu yake. Ukihisi ubaridi, paka. Ukihisi moto, ngoja.

Joto si chanzo pekee. Cha pili ni kupaka nta nyingi, kwa kudhani kuwa wingi ndio ulinzi. Nta inayolinda ni utando mwembamba tu. Inayozidi hubaki juu na kufanya ukungu. Cha tatu ni kupaka gari zima kwa mara moja, kisha kurudi kufuta. Ufikapo buti, iliyoko boneti imekwisha kukauka kupita kiasi. Cha nne ni vumbi. Magari yetu yapitayo kwenye vumbi jekundu, yawe yanaelekea Nkwenda na Omurushaka au Murongo mpakani, hubeba chembe ngumu zinazojificha chini ya vishikio vya milango na pembezoni mwa taa. Gari lisipooshwa likatakata, vumbi huchanganyika na nta, likatia doa na kukwaruza. Na wakati wa masika huja la tano, ambalo ni kinyume cha jua: hewa yenye unyevu huchelewesha nta kukauka, na anayeifuta mapema huisambaza tu kama mafuta.

Sasa tuje kwenye kupima, maana ukungu si wa aina moja. Lete gari kivulini, lipoe, kisha chukua sehemu ndogo yenye ukungu, upana wa kiganja. Isugue taratibu kwa kidole kilichofunikwa kitambaa safi. Alama ikisogea, ikipungua au ikibaki kwenye kitambaa, hiyo ni nta, nawe huna haja ya fundi wa rangi. Ikiwa ni madoa ya duara yenye umbo la matone, hayo ni chumvi za maji, hasa ya kisima, yaliyokaukia juani kabla ya kufutwa. Lakini ikiwa alama haibadiliki kwa kusuguliwa, ukiilowesha inapotea na ikikauka inarudi ileile, au ukipapasa unahisi ukavu na magamba, basi hapo tabaka la juu la rangi, lile ambalo mafundi huliita klia, limechoka kwa jua la miaka mingi. Huo ndio ugonjwa ambao nta haiponyi, na hapo ndipo shauri la fundi wa rangi lina maana.

Tiba ya ukungu wa nta ni hii, nayo ifuatwe kwa utaratibu, kuanzia iliyo nyepesi.

Kwanza, gari likiwa limepoa kivulini, chukua kitambaa safi kilicho laini, ama kile cha maikrofaiba ama fulana ya pamba iliyofuliwa isiyo na vifungo, ukinyunyizie maji safi kidogo, kisha ufute sehemu moja na kuikausha papo hapo kwa kitambaa cha pili. Ukungu mwepesi huondoka kwa hilo tu.

Pili, ukikataa, paka juu yake nta ileile, kidogo mno, sehemu isiyozidi nusu ya mlango, na uifute kabla haijakauka. Wengi hustaajabu kusikia kwamba nta hutolewa kwa nta. Sababu yake ni kwamba kimiminika kipya hulainisha nta iliyoganda, ikapata nafasi ya pili ya kusambaa sawasawa. Geuza kitambaa mara kwa mara, kwa kuwa kilichojaa hakifuti tena.

Tatu, ikishindikana, osha gari kwa shampuu ya magari, likaushe, na uanze upya. Madoa ya chumvi ya maji, kwa upande wake, hufutwa kwa siki iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa, na kusuuzwa mara moja kwa maji mengi.

Kusugua kwa mashine na dawa ya kukwangua kuwe jambo la mwisho kabisa. Klia ni nyembamba kuliko karatasi ya daftari, na kila kusugua huipunguza. Haioti tena. Anayelipia kusuguliwa gari kwa ajili ya ukungu ambao maji yangeutoa amepoteza fedha, na amepoteza pia sehemu ya umri wa rangi yake.

Yako mambo ambayo hatuna budi kuyakataza. Msitumie petroli wala mafuta ya taa. Mvuke wa petroli hushika moto kwa cheche moja, nayo hudhuru ngozi na mapafu ya kijana anayeosha, huku ikifubaza plastiki na mipira. Msitumie stilwaya, msasa wala mchanga. Sabuni ya unga nayo si ya kuoshea gari kila siku, kwa kuwa huondoa ulinzi wote. Plastiki nyeusi za bampa zikipata weupe wa nta, zioshwe kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni na brashi laini. Kioo cha mbele kisipakwe nta ya bodi, kwa maana usiku, taa za gari linalokuja zikikipiga, utando huo hutawanya mwanga na dereva haoni mtembea kwa miguu. Na kamwe nta isiguse diski za breki wala uso wa tairi unaokanyaga barabara. Hayo si mambo ya urembo. Ni mambo ya uhai.

Kinga ni rahisi kuliko tiba. Paka alfajiri au jioni, chini ya paa au mti usiodondosha utomvu. Ngoja injini ipoe. Paka kidogo, sehemu kwa sehemu, na ufute kwa muda uliotajwa kwenye kopo, ukikumbuka kwamba muda huo huandikwa kwa bati lililopoa.

Tumalizie na haki yenu. Kabla ya kununua, someni kopo. Zipo dawa za kukwangua na zipo nta za kulinda, na zote mbili huuzwa kwa jina la polishi. Anayenunua moja akidhani ni nyingine atajutia. Tazameni jina la mtengenezaji, maelekezo ya matumizi, ujazo na tarehe. Daini risiti, na muihifadhi pamoja na kopo lenyewe. Kopo lisilo na jina la mtengenezaji wala maelekezo liacheni dukani, hata kama bei yake inavutia.

Nanyi mnaopeleka gari kuoshwa, patanani bei kabla ya kazi, na mtaje kazi yenyewe: kuosha, kusugua na kupaka nta ni kazi tatu mbalimbali. Akiambiwa kwamba gari linahitaji rangi mpya, mwenye gari ana haki ya kuomba kipimo cha kitambaa kifanyike mbele ya macho yake. Mwoshaji mwaminifu hatakasirika, kwa kuwa kipimo hicho humlinda na yeye dhidi ya mteja anayemlaumu kwa rangi iliyochoka zamani.

Ikiwa mmefuata maelekezo yote, bati likiwa la baridi, na bidhaa bado haifanyi kile inachotangaza, mrudieni muuzaji mkiwa na risiti na kopo, na mseme naye kwa heshima. Asiposikia, fikeni kwa afisa biashara wa halmashauri. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani hupokea malalamiko ya walaji. Bidhaa inayotiliwa shaka ubora wake huarifiwa Shirika la Viwango Tanzania, na kopo lenye ujazo pungufu huarifiwa Wakala wa Vipimo. Lakini lalamiko lenye nguvu ni la yule aliyekwisha kupima, akaweza kusema alipaka lini, kivulini au juani, na aliona nini.

Gari kwa wengi wetu hapa ni shamba la pili: ndilo linalosafirisha ndizi na kahawa, na kumfikisha mgonjwa hospitalini. Lililochumwa kwa jasho lisiharibiwe kwa pupa. Mkiona ukungu, livuteni kivulini, lipoe, mpime.