Mkarafuu: Kuutambua na Kuupanda

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama)



Wengi wetu huanza kufikiri habari ya shamba siku ya kupokea kiinua mgongo. Kwa muhogo si neno. Kwa mkarafuu ni kuchelewa. Mti huu hauanzi kuchumwa mpaka umetimiza miaka 6 hata 8, wala haufikii nguvu zake kamili kabla ya miaka 20 hivi. Basi atakaye kuchuma katika uzee wake yampasa apande angali kazini, naye awe na yakini ya kwamba alichokipanda ni mkarafuu kweli. Kosa la mche huonekana baada ya miaka mingi, na miaka hairudishwi dukani.

Asili ya mti huu ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia. Uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Tufani ya mwaka 1872 iliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, na Pemba, iliyosalimika zaidi, ndiyo iliyotangulia tangu hapo kwa wingi wa zao hili.

Sasa tuje katika kuutambua. Mkarafuu ni wa jamaa ya mhadasi, pamoja na mpera, mzambarau na mkaratusi. Majani yake huota mawili mawili, yakielekeana. Ni laini, yang'aa, na ncha zake zimechongoka. Majani machanga huwa mekundu-mekundu, lakini rangi isikuhadae, kwa kuwa mzambarau nao huchipua hivyo. Liinue jani mbele ya jua, utaona vitone vidogo vya mafuta. Hata hivyo ndugu zake nao wanavyo. Kwa hiyo lifikiche na kulinusa. Lisiponuka karafuu, usitoe fedha yako.

Wala harufu peke yake haitoshi. Uko mdalasini, ambao si wa jamaa hii, na majani yake yakifikichwa hunuka karibu sawa na karafuu. Huo utautambua kwa mishipa ya jani: mdalasini una mishipa mitatu mikubwa itokayo karibu na shina la jani, na mkarafuu una mmoja tu, upitao katikati. Pua na jicho, Waungwana, viende pamoja.

Mbegu hutoka katika tunda lililoiva, wala si katika karafuu kavu ya dukani, ambayo ni ua lisilofunguka. Tunda huloweshwa usiku kucha, hutolewa ganda, na mbegu hupandwa mara moja, kwa maana ikikauka hufa. Kitalu kiwe na kivuli na maji ya kiasi. Mche ukitimiza mwaka mmoja au miwili, uhamishe wakati wa mvua pamoja na udongo wake, bila kuisumbua mizizi. Nafasi kati ya mti na mti iwe futi 25 hivi. Chagua ardhi yenye udongo wa kina isiyotuamisha maji, na mwaka wa kwanza upande migomba karibu ili uupe mche kivuli.

Vikonyo huchumwa vimejaa na vimeanza kuwa vyekundu, kabla ua halijafunguka. Likifunguka, nyuzi zake nyingi nyeupe hupendeza macho, lakini thamani ya karafuu imekwisha kupungua. Mchumaji asivute tawi kwa nguvu: matawi ya mkarafuu hukatika kwa ghafla, na wachumaji wamekwisha kuvunjika miguu, na wengine kupoteza maisha. Baada ya kuchambuliwa, karafuu huanikwa juani juu ya majamvi kwa siku 4 hata 6, na huingizwa ndani mvua ikitishia. Pishi tatu za mbichi kwa uzito hutoa kavu kama moja tu. Basi mwenye shamba asihesabu fedha juu ya mti.

Jambo la mwisho: mti huu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja hujaa, mwaka wa pili huweza kuwa mtupu. Asiwepo mmoja wetu atakayeuweka mshahara wake wote juu yake. Lakini asiwepo pia atakayengoja siku ya kustaafu ndipo aulize bei ya miche. Miche michache iliyotambuliwa vema na kupandwa mvua hizi ni bora kuliko shamba kubwa litakalopandwa kwa haraka baada ya kazi.