Hotuba ya Kuwashukuru Wazee Wetu wa Chuo

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, walimu wenzangu na wazazi,

Nimepewa dakika chache kuwasemea wazee hawa wanne. Kule Kivu ya Kusini walitumikia miaka mingi chuo kidogo cha kanisa cha kufundisha walimu: wawili darasani, mmoja jikoni, mmoja karani. Pensheni hawakuiona.

Vita ilipofika Uvira, Oktoba 1996, kila mtu alibeba alichoweza. Karani alifunga kitabu cha majina na alama za wanafunzi ndani ya nailoni, akavuka nacho Ziwa Tanganyika. Mkewe alimgombeza, maana sufuria ilibaki. (Mama, nakuona unacheka.)

Hapa Nyarugusu, aliyepoteza diploma alitafutiwa jina lake humo, akaandikiwa barua, akapokelewa kufundisha. Mmoja wao alinifundisha kusoma nikiwa na miaka sita, chini ya mti.

Leo tunawapa blanketi na kitenge. Ni kidogo, tunajua. Lakini kitabu kinararuka na wino unafifia. Naomba tukinakili. Nitaanza Jumamosi baada ya vipindi; mwenye mwandiko mzuri aje na kalamu yake.