Ruzuku ya Kina Mama Ishikwe na Kina Mama

(Mazungumzo ya Katibu wa Chama wa Tawi katika mkutano wa wanachama wa ushirika. Yameandikwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa mashambani, na kwa yeyote anayetaka kuyasoma tena.)



Leo hatukuja kusifiana. Tumekuja kuzungumza habari ya fomu. Kikundi cha kina mama cha kijiji chetu kimeletewa fomu ya kuomba ruzuku kwa kazi mbili: kushona sare za shule, na kuwasaidia wasichana wetu wasikatize masomo. Fomu hiyo iko kwa mwalimu wa darasa la watu wazima. Kabla haijajazwa, yako mambo ambayo sisi viongozi tunapaswa kuyasema, hata kama yanatuchoma wenyewe.

Kwanza tuelewane maneno. Mkopo hurudishwa. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo ile haina riba, lakini ni deni. Ruzuku ni kitu kingine. Wapo wanaoitoa hapa nchini, kama vile Mfuko wa Wanawake Tanzania ulioanzishwa 2008. Kwa kuwa haidaiwi, watu husema, "Hiyo ni fedha ya bure." Jamani, tusidanganyane! Ruzuku hulipwa kwa kazi na kwa hesabu. Hesabu ikipotea, mlango unafungwa, na haufungwi kwa aliyekosa peke yake. Kijiji kizima kinabaki nje.

Sisi tunalijua hilo. Safari iliyopita kikundi kililetewa cherehani nne. Majina kwenye orodha yalikuwa ya kina mama, lakini waliotia saini benki ni wanaume watatu wa kamati yetu. Ufunguo wa chumba cha cherehani ulikaa mfukoni mwa kiongozi. Cherehani mbili zikahamia majumbani mwa watu, moja ikaharibika, na ya nne hadi leo imefunikwa gunia stoo. Aliyetoa msaada alipoomba taarifa ya matumizi, hatukuwa na risiti hata moja. Hakurudi tena.

Mbaya zaidi, kina mama hawakujua fomu ile ilisema nini. Tuliwaambia, "Weka dole gumba hapa," wakaweka. Na sisi tuliosema hivyo tulijifunza kusoma tukiwa watu wazima, katika darasa la jioni, kwa taa ya chemli. Tulijua uchungu wa kuweka dole gumba kwenye karatasi usiyoijua. Tulipoupona, tukawapa wenzetu. Ndugu zetu kina mama, kwa hilo tulikosa, na tunaomba radhi mbele ya mkutano huu.

Sasa wako wanaosema vikundi vya namna hii havifai, na kwamba wasichana hawasomi kwa sababu ya mila. Hebu tutazame wenzetu wa Zimbabwe. Mwaka 1991 mwalimu mmoja wa Uingereza, Ann Cotton, alifika kijiji cha Mola kutafuta sababu ya wasichana kutokusoma. Naye alikuwa ameambiwa ni mila. Wazazi wakamweleza kuwa ni umaskini: fedha ikitosha mtoto mmoja tu, atapelekwa mvulana, kwa kuwa ndiye mwenye nafasi ya kupata kazi ya mshahara. Mwaka 1993 alianza kuwasaidia wasichana 32. Hapo ndipo lilipoanzia shirika la CAMFED, ambalo lilianza kazi hapa Tanzania 2005.

Yapo mambo mawili ya kujifunza hapo. La kwanza, kuchagua wa kusaidiwa hakuachiwi mtu mmoja. Zipo kamati zenye walimu, wazazi na viongozi wa jamii. La pili, mwaka 1998 wasichana waliomaliza shule waliunda umoja wao, nao wakaanza kuwasaidia wadogo zao waliobaki nyuma. Aliyesaidiwa jana akawa msaidizi leo. Ruzuku yenye maana ni hiyo.

Na sisi je? Ada ilifutwa mpaka kidato cha nne 2016, na mpaka kidato cha sita 2022. Lakini sare haijafutwa, wala daftari, wala njaa ya mchana, wala ule mwendo wa alfajiri kwenda sekondari. Tangu Novemba 2021 msichana aliyekatiza shule kwa kujifungua anaruhusiwa kurudi. Ruhusa ipo. Je, nani atamshikia mtoto wake akiwa darasani? Nani atamnunulia viatu? Hapo ndipo kazi ya kikundi ilipo.

Kwa hiyo tunaleta mapendekezo manne, myajadili:

1. Fomu isomwe yote kwa sauti mbele ya kikundi, sentensi kwa sentensi. Asiyeelewa aulize. Ndipo watu watie saini.

2. Watia saini wa benki wawe wanachama wa kikundi, yaani kina mama wenyewe. Ufunguo wa chumba nao ukae kwao. Sisi wanaume tukae kando, tuitwe tukihitajiwa.

3. Fedha iliyoingia na iliyotoka iandikwe hapa hapa ukutani kila mwezi, na risiti ziwekwe kwa mwalimu. Wasichana wa kusaidiwa wachaguliwe na kamati ya mwalimu, wazazi na kina mama. Mtoto wa kiongozi asitangulizwe.

4. Kina mama wote wa kikundi wahudhurie darasa la jioni. Na sisi waume, siku hizo tuchote maji na kukaa na watoto. Hakuna aliyewahi kufa kwa kubeba ndoo.

Cherehani ile iliyo stoo itatolewa kesho na kukabidhiwa kikundi mbele ya watu. Zile mbili zilizo majumbani tunajua ziliko. Tunawapa wenye nazo hadi siku ya gulio wazirudishe wenyewe, kwa heshima yao. Baada ya hapo majina yataandikwa kwenye ukuta huu, na sasa hivi wanaojua kusoma kijijini ni wengi.

Ndugu wanachama, mali ya wengi haifichwi chini ya gunia.

Ushirika ni nguvu.

Katibu wa Chama, Tawi