NZIGE NAYE ANA ADUI WAKE
(Maneno ya Katibu mbele ya wanaushirika)



Nzige ni adui wetu, lakini naye ana adui wake: ukungu uishio udongoni. Mbegu zake ni kama vumbi. Zikimwangukia nzige zinaota, zinatoboa ngozi, zinamla kwa ndani. Hafi siku hiyo. Hufa baada ya wiki moja hadi tatu, na kabla ya kufa hupungua kula.

Mwaka 2009 nzige wekundu walizuka Katavi, Rukwa na bonde la Malagarasi. Ukungu huo ulinyunyizwa kutoka angani, hekta zipatazo 10,000. Kwa nini si sumu? Kule kuna maji, samaki na wanyama. Ukungu huu hushika nzige na jamaa zake panzi, samaki hauwadhuru.

Basi tufanyeje? Tukiona tunutu, tumwarifu bwana shamba upesi, kabla hawajaota mabawa. Dawa hiyo ikimwagwa, tusiseme "mbona hawafi?" halafu tukaongeza sumu yetu juu yake. Sumu itaua na nyuki wetu, mizinga ibaki mitupu. Tuhesabu siku, tungoje.

Ajuaye kusoma amsomee jirani.

Katibu